Wajapani Wamezilinda Chemchemi Zao, Sisi Je?

Siku hizi hakuna kiongozi wa kaunti asiyelitaja neno utalii, na katika mambo yanayotajwa pamoja na neno hilo ni chemchemi za maji ya moto. Mfano unaoshikwa ni Japani: kwamba wenzetu wale wameyageuza maji yanayotokota ardhini yakawa hoteli, mabasi, tikiti na kazi kwa vijana. Mfano ni mzuri, lakini aghlabu huletwa nusu. Huelezwa habari ya mgeni aliyevaa joho la pamba, akinywa chai kando ya birika lenye mvuke. Haielezwi ni nani aliyemkaribisha, maji yale ni ya nani, wala fedha anazolipa huingia mfuko gani. Makala haya yanakusudia kuileta nusu iliyobaki.

Nayaandika nikiwa Kanyakine, soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru, katika Imenti Kusini. Huku ni nchi ya kahawa, majani ya chai na migomba, na maji yake ni baridi ya kukata mifupa. Mlima Kenya, unaowatazama watu wa hapa kutoka juu, ulikuwa mlima wa moto zamani za kale. Moto huo umekwisha kuzimika, na kilichobaki ni barafu kidogo kileleni na mito iteremkayo kama Mutonga na Mariara. Mtu wa Kanyakine akitaka maji ya moto huyateleka jikoni kwa kuni. Basi msomaji wa Lamu au wa Mombasa atauliza, pana nini Kanyakine hata pazungumziwe maji ya moto? Jibu ni kwamba watu wa huku wanajua jambo moja kuhusu maji ambalo Wajapani nao wanalijua, na jambo hilo ndilo roho ya mazungumzo yetu ya leo.

Wala msomaji wa pwani asiwaone Wameru kuwa ni watu wa mbali. Masimulizi ya wazee wao husema kuwa walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakikimbia dhuluma ya watu waliowaita Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Wako wataalamu wanaodhani kwamba kisiwa hicho ni Manda yetu. Ikiwa ni hivyo, hawa ni jamaa waliotutangulia kupanda bara.

SIKU MOJA YA BEPPU

Tuanze na Japani yenyewe. Nchi ile imekaa juu ya moto. Chemchemi zake za maji ya moto zimepita 27,000, na miji na vijiji vya kuogea vyenye nyumba za wageni ni karibu 3,000. Mahali pa namna hiyo wao hupaita onsen. Mashuhuri kabisa ni Beppu, mji wa mkoa wa Oita katika kisiwa cha Kyushu. Ni mji wa bandari, milima nyuma na bahari mbele, na mvuke mweupe hupanda baina ya mapaa ya nyumba, utadhani kila nyumba wanapika pilau ya harusi.

Matembezi ya siku moja ya Beppu yana utaratibu unaojulikana. Asubuhi mgeni hupelekwa kuzitazama “jahanamu”. Ndivyo zinavyoitwa, jigoku, neno lililotoka katika dini ya Kibudha, kwani nao wanayo habari ya moto wa adhabu. Zinazozungukwa ni saba. Moja ni ya buluu kama bahari ya kusi, na uzuri wake usimdanganye mtu, maana joto lake ni karibu nyuzi 98. Moja ni nyekundu kwa udongo wenye madini ya chuma. Moja ni nyeupe kama tui. Nyingine ni tope la kijivu linalotoa mapovu ya mviringo, wenyewe wakalifananisha na vichwa vya watawa walionyoa. Nyingine hurusha maji juu, ikatulia, kisha ikarusha tena. Humo haogi mtu, ni kutazama tu na kumtukuza Muumba.

Mchana ukifika huenda kula katika mtaa wa Kannawa. Mayai, viazi vitamu, mboga na samaki hutiwa katika tanuri la mawe na kuivishwa kwa mvuke utokao ardhini, pasipo kuni wala makaa. Alasiri kuna kuzikwa mchangani. Katika nyumba ya kuogea ya Takegawara, iliyoanzishwa mwaka 1879, mtu hulala chini na joho lake, na wahudumu wakamfukia mpaka shingoni kwa mchanga uliopashwa na maji ya chemchemi. Hukaa hapo robo saa hivi akitoka jasho, akafukuliwa, akaenda kuoga. Jioni ndiyo saa ya birika lenyewe, siku ikaisha.

Matembezi haya hayakuzuka tu. Mwenye hoteli mmoja, Aburaya Kumahachi, alianzisha mwaka 1928 basi la kuzizunguka jahanamu hizo, akaajiri wasichana wa kuwaeleza wageni, jambo lililokuwa geni Japani wakati ule. Mimi, mtu wa mashairi, lililonishika zaidi ni kwamba maelezo yale yalitungwa kwa mizani: silabi saba kisha tano, saba kisha tano, mizani ile ile ya mashairi ya jadi yao. Abiria alionyeshwa chemchemi kwa lugha iliyotungwa, kama ambavyo sisi tungalimwonyesha mgeni Ngome ya Yesu kwa beti za mizani nane. Mila ilipanda basi pamoja na wageni, wala haikuachwa kituoni.

STARA NA TOHARA

Najua swali linalomkereketa msomaji wangu. Huko Japani watu huoga uchi. Wanaume wana mahali pao na wanawake mahali pao, na katika nyumba nyingi pazia la buluu kwa jekundu ndilo linaloonyesha mlango wa nani ni upi. Kabla ya kuingia birikani, mtu hukaa juu ya kibao kidogo, akajisugua kwa sabuni na kujimiminia maji mpaka akatakata. Hata kile kitambaa chake cha kujifutia hakiruhusiwi kugusa maji ya birika. Maana yake ni kwamba birika ni la wote, na uchafu wa mmoja usiwe wa wote. Adabu hii haiko mbali na sisi tuliokulia kwenye mabirika ya misikiti ya kale, penye mawe ya kusugulia miguu kabla ya kukanyaga ndani.

Lakini uchi ni uchi. Sheria yetu imemwekea mwanamume mpaka wa kitovu na magoti hata mbele ya wanaume wenziwe, na Mtume (S.A.W.) amekataza kuingia hamamu bila ya kujifunga nguo. Basi Mwislamu anayetembea huko afanyeje? Njia zipo. Nyumba nyingi zina birika la faragha linalokodiwa kwa saa, mtu akaingia peke yake ama na mkewe. Yapo mabirika ya miguu mitaani, ambapo watu hukaa na nguo zao wakatumbukiza miguu tu. Na mchanga wa Takegawara, kama nilivyosema, watu huulalia na joho mwilini.

Ama maji yenyewe, hayo hayana shaka. Tuliokaa chuoni tunakumbuka kuwa wanavyuoni wa Kishafii waliyakirihisha maji yaliyopashwa kwa jua katika vyombo vya madini katika nchi za joto, na wakayakirihisha maji ya moto sana kwa kuwa humzuia mtu kuutimiza udhu wake. Lakini maji yaliyogeuka harufu kwa sababu ya salfa iliyoko pale yanapotoka au yanapopita, hayo yamebaki tohara na yanatoharisha. Mafakihi walikwisha kuzijua chemchemi za namna hii zamani sana, kabla mtu hajapata kupanda basi la Beppu.

Tena hamamu si kitu kigeni kwetu. Kule Kidichi, Unguja, Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mjini, mahali panapoitwa Hamamni hadi leo, Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya watu wote. Zote mbili sasa ni majengo ya kutazamwa. Mgeni hulipa kiingilio akaonyeshwa mahali palipokuwa na maji. Za Wajapani zi hai kwa sababu wenyeji hawakuacha kuoga. Mgeni huwakuta wenyewe wamo birikani, wakamsogelea naye akapata nafasi.

MWENYE CHEMCHEMI NI NANI?

Hapa ndipo penye ile nusu isiyosimuliwa. Katika mkoa wa Nagano kipo kijiji kiitwacho Nozawa Onsen, chenye nyumba 13 za kuogea. Mlangoni hapana bawabu wala tikiti. Mgeni huingia, akaoga, akatia sarafu kisandukuni kadiri anavyoona. Lakini wenyeji wa kila mtaa wamejiunga katika chama chao cha maji, hutoa fedha za matumizi, na hupokezana zamu za kusugua sakafu na kusafisha birika. Kijiji hicho hicho kina chemchemi iitwayo Ogama, yenye joto la karibu nyuzi 90, ambamo wanakijiji huchemshia mboga na mayai yao. Mgeni haruhusiwi kuingia ndani ya ukingo wake, maana ni hatari na ni jiko la watu. Utazame mpango huo, ndugu msomaji. Bafuni mgeni amekaribishwa bure, na jikoni hakaribishwi hata akilipa. Aliyeupanga ni mwenye nyumba.

Sheria ya nchi nayo imemshika mkono mwenye nyumba huyo. Kwa Sheria ya Chemchemi ya mwaka 1948, maji yatokayo ardhini na joto la nyuzi 25 au zaidi, ama yenye madini yaliyotajwa, huhesabiwa kuwa onsen, na hachimbi mtu kisima kipya ila kwa kibali cha gavana wa mkoa, baada ya baraza la wataalamu kusikilizwa. Mwenye kuoga hutozwa kodi ya kuoga, kwa kawaida yen 150. Kodi hiyo huingia katika mfuko wa mji ule ule, kwa kulinda chemchemi, usafi, zimamoto na mambo ya wageni. Haiendi kwanza mji mkuu ikangojewa irudi.

Hata hao wageni wenyewe wana kipimo. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 kutoka nje, idadi ambayo haikupata kuonekana. Kijiji kidogo cha Ginzan, katika mkoa wa Yamagata, kikaona vichochoro vyake vimezibana. Kuanzia Januari 2025 kikaanza kuwawekea mpaka wa saa wale wanaokuja kutazama tu jioni bila kulala. Watu walioishi kwa wageni waliweza kumwambia mgeni, “Kwa leo basi.”

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni umeme. Wataalamu huihesabu Japani kuwa ya tatu duniani kwa hazina ya mvuke wa ardhini, baada ya Marekani na Indonesia. Pamoja na hayo umeme wake wa mvuke ni megawati 500 hadi 600 tu, na Kenya, yenye zaidi ya megawati 900, imeipita. La ajabu ni kwamba mashine zetu ni zao. Mitambo ya kwanza ya Olkaria, iliyoanza kazi mwaka 1981, ilitengenezwa na Mitsubishi, na mikubwa ya 2014 na 2015 ilitengenezwa na Toshiba. Anayetuuzia mashine, kwake haitumii sana. Sababu ni kuwa sehemu kubwa ya mvuke wao imo ndani ya mbuga za taifa, na kuwa wenye onsen huogopa kwamba visima virefu vitayapunguza maji ya chemchemi zao, wakapinga. Huenda woga huo umepita kiasi, na nchi inayonunua mafuta na gesi ng’ambo ingefaidika na moto ulio chini ya miguu yake. Hilo waamue wao. Linalotuhusu sisi ni kwamba mwenye chemchemi akisema hapana, kampuni na serikali husimama zikamsikiliza.

HALI YETU

Sasa turudi nyumbani. Chemchemi zetu zilizo mashuhuri zaidi ni za Ziwa Bogoria, Baringo. Huko Loburu maji hutoka ardhini yakichemka na kuruka juu, na wageni hutia mayai yao yakaiva, mfano wa Kannawa. Wakoloni waliliita ziwa hilo Hannington, kwa jina la askofu wao. Waliokuwa wakiishi kando yake ni Waendorois. Hapo ndipo palipokuwa na ibada zao, malisho ya mifugo yao na mahali pa kulambia chumvi. Mwaka 1973 serikali ilianza kuwahamisha ili pawe hifadhi ya wanyama. Walipokosa nafuu katika mahakama za nchini, walipeleka shauri lao mwaka 2003 mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ukatangazwa Februari 2010: kwamba haki zao za dini, mali, utamaduni na maendeleo zimevunjwa, kwamba umiliki wao utambuliwe na ardhi warudishiwe, waachwe walifikie ziwa kwa ibada na malisho, na wapewe fungu katika mapato.

Uamuzi ule ulisifiwa Afrika nzima. Mwaka 2011 ziwa likaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia, pamoja na Nakuru na Elementaita. Lakini zaidi ya miaka 15 imepita tangu Tume iseme, na agizo la kuirudisha ardhi halijatimizwa. Katika muda huo ziwa lenyewe likafura, na kufikia 2020 maji yalikuwa yamezifunika baadhi ya chemchemi na barabara. Hapo ndipo unapoona udhaifu wa utalii wa lango na tikiti. Chemchemi ikizama, lango hubaki bila cha kuuza. Lakini watu wanaoabudu, wanaolisha na wanaoishi mahali, wao hujua chemchemi nyingine iko wapi.

Olkaria, karibu na Naivasha, ni hadithi ya namna nyingine. Hapo pana mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1984 kwa jina la Kiingereza lenye maana ya Lango la Jahanamu, kana kwamba Mwingereza na Mjapani walikaa baraza moja wakitafuta majina. Wageni huoga katika bwawa kubwa la maji ya buluu yanayotoka katika visima vya umeme. Ni pahala pazuri, sipingi. Lakini mwaka 2014 familia za Kimasai zilihamishwa kwa ajili ya mitambo mipya. Malalamiko juu ya nyumba, njia, hati za ardhi na malisho yalifika mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na baadaye pakafanywa upatanishi. Taa zimewaka Mombasa na Malindi kwa mvuke ule, nasi sote ni wadeni wa watu wale.

Na pwani je? Karibu na Amboni, Tanga, kuna chemchemi za salfa ziitwazo Galanos. Hata jina ni la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, la mwenyeji halikukaa. Huku kwetu Kwale iko chemchemi ya Mwananyamala, na watafiti wa nishati ya mvuke wamekwisha kuipima. Hapo bado hapajawa na mji wa wageni, na kwa hiyo bado tuna nafasi ya kuuliza kabla mlango haujatiwa kufuli.

KANYAKINE NA RUSTAQ

Nilisema watu wa Kanyakine wanajua jambo. Vilima hivi vya Imenti vimejaa mabomba ya miradi ya maji ya wanachama. Watu wa mtaa hukubaliana, kila nyumba ikatoa fedha na siku zake za kuchimba mtaro, na bomba likateremshwa kutoka ukingo wa msitu bila mashine yoyote, kwa mteremko tu. Aliyechimba ana haki ya mfereji. Asiyechimba hulipa kwanza ndipo aunganishwe. Kuna kamati, kuna mkutano wa wanachama, na kuna faini kwa anayekata bomba usiku. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikaongeza vyama vya watumiaji maji kwa kila mto, ili walio juu penye mvua na walio chini penye ukame, mpaka Tharaka, wapate kukaa meza moja. Mambo hayaendi sawa siku zote. Wa juu hufungulia, wa chini wakakaukiwa, na kesi ikafika kwa chifu au kwa wazee. Lakini hata ugomvi huo una maana, kwa kuwa mtu hugombania kitu anachojua kuwa ni chake.

Utaratibu huo ndio wa Nozawa, tofauti ni joto la maji. Na ndio utakaoukuta kwa jamaa zetu walioko Oman. Katika mji wa Rustaq iko Ain al-Kasfa, chemchemi ya maji ya moto yenye salfa, kiasi cha nyuzi 45. Pana vyumba vya kuogea, wanaume mbali na wanawake mbali, na maji yake huteremka kwenye mifereji yakanywesha mashamba. Kwa desturi ya falaji za Oman, maji hugawanywa kwa zamu za saa, kila mwenye hisa na hisa yake, nyingine zikiwa wakfu wa msikiti, na nyingine hunadiwa ili zipatikane fedha za kuutengeneza mfereji. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za nchi ile katika Urithi wa Dunia. Mgeni huzitazama, na zamu ya shamba haisimami kwa ajili yake.

Imefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Ukifikiri, chemchemi ya maji ya moto imekusanya viwili kwa pamoja, na cha tatu kiko kando yake. Waendorois walinyimwa vyote vitatu kwa siku moja.

Lakini ushirika ni upanga wenye makali mawili, nao unamkata hata mwenye chemchemi. Beppu ina msikiti tangu mwaka 2008, na Waislamu wengi, baadhi yao wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu cha hapo. Japani karibu kila maiti huchomwa moto, na makaburi ya kuzikia ni haba. Jumuiya ya Waislamu wa Beppu ikatafuta ardhi ya makaburi katika mji jirani wa Hiji. Wakazi wakapinga, na hoja yao kubwa ilikuwa maji: waliogopa makaburi yataharibu chemchemi na mabwawa yao. Yalifanywa mazungumzo ya miaka, na mwaka 2023 wakazi wa karibu na jumuiya wakaafikiana juu ya kiwanja cha mji na masharti yake. Agosti 2024 akachaguliwa meya mpya aliyepinga kuuza kiwanja hicho, na jambo likakwama. Basi ile sauti ya mwenyeji tuliyoisifu Nozawa ndiyo iliyomfungia mlango Mwislamu aliyefiwa. Nasi tusikimbilie kulaumu. Mwenye maji ana haki ya kuuliza juu ya maji yake, na hofu yake ijibiwe kwa vipimo na mapatano. Lakini hofu ikishajibiwa, kumnyima jirani mahali pa kulala milele ni kuuvunja ule ushirika. Haki ya kusema hapana ina jukumu la kusikiliza kwanza, Japani na kwetu pia.

Kwa hiyo kiongozi atakayekuja Kwale, au popote penye maji ya moto, akiwa na picha za Japani mkononi, asipingwe wala asishangiliwe kabla ya kuulizwa maswali matatu. Wenyeji wataoga wapi, na kwa stara gani? Fedha ya tikiti italala kijijini usiku mmoja, au itapita tu? Na wakikataa kisima au hoteli, nani atawasikiliza? Akijibu hayo kwa maandishi, na wazee, wanawake na vijana wa mahali wakashuhudia, hapo ndipo mfano wa Japani utakuwa umeletwa mzima. Nami kama desturi yangu nitie ubeti mmoja:

Maji yatokayo chini, yafukayo kwa mvuke,
Mwenyewe yu kijijini, mgeni na akumbuke,
Asiwekwe mlangoni, tikiti yake ashike,
Chemchemi ni ya nani? Kwanza swali lijibike.